Kuziba tundu la majedwali ya kurasa kwenye Xen, hatua kwa hatua

Tarehe 26 Julai 2016 mradi wa Xen, haipavaiza (programu inayoendesha mashine pepe nyingi juu ya seva moja), ulitoa tangazo lake la usalama namba 182 (XSA-182), linalojulikana pia kama CVE-2016-6258. Kiini cha hitilafu yenyewe kilikuwa mstari mmoja wa C:

```
if ( !l4e_has_changed(ol4e, nl4e, _PAGE_PRESENT) )
```

Kwa mstari huu, mashine pepe ya aina ya PV (inayojua kwamba iko juu ya Xen na kushirikiana nayo) iliweza kujipa ruhusa ya kuandika juu ya majedwali yake yenyewe ya kurasa bila haipavaiza kujua. Aliyeipata ruhusa hiyo hana mpaka tena. Atasoma memori ya Xen, ya dom0 (mashine pepe ya usimamizi), na ya kila mteja mwingine anayelala kwenye seva ileile.

Walioigundua ni Jérémie Boutoille wa Quarkslab na Shangcong Luan wa Alibaba. Luan huyuhuyu ndiye aliyekuwa amegundua XSA-148, iliyotangazwa 29 Oktoba 2015, ndani ya faili lilelile la `xen/arch/x86/mm.c`. XSA-148 ilizibwa vizuri kwa kadiri ya ilivyoonekana siku ile. Miezi tisa baadaye tundu la pili likakutwa pembeni kabisa ya kiraka cha kwanza. Ndiyo sababu nimechagua kufundishia hizi mbili kwa pamoja. Ukizisoma zikiwa zimeshikana mkono, utaona tofauti kati ya kuziba tundu ulilooneshwa na kuondoa kinachotoboa.

Nachukulia kwamba unaisoma C bila shida, unajua kutumia git, na una kompyuta ya Linux yenye QEMU. Kujua Xen kabla si lazima.

## Kabla ya kugusa msimbo: ulinzi wenyewe ulivyojengwa

Usiiruke sehemu hii. Asiyejua ulinzi ulikusudia kulinda nini hawezi kusema kama kiraka chake kimeurudisha.

Prosesa ya x86 ya biti 64 hutafsiri anwani pepe kwa kushuka ngazi nne. Anwani ina biti 48 zinazotumika: 9 za kuchagua kiingizo katika L4, 9 za L3, 9 za L2, 9 za L1, na 12 za mwisho huonyesha baiti ndani ya ukurasa. Kila jedwali ni ukurasa mmoja wa baiti 4096, wenye viingizo 512 vya baiti 8. Ndani ya kiingizo mna anwani ya jedwali la chini yake pamoja na biti za masharti. Zitakazotuhusu ni hizi: biti 0, PRESENT, inayosema kiingizo kipo, biti 1, RW, inayoruhusu kuandika, biti 2, USER, biti 3 na 4, PWT na PCD, zinazoamua habari za kache, biti 5 na 6, ACCESSED na DIRTY, ambazo prosesa huziwasha yenyewe inapoutumia ukurasa, na biti 7, PSE. Hii ya saba ikiwa imewaka ndani ya L2, prosesa haishuki tena kwenda L1. Inakichukua kiingizo kile kuwa ukurasa mmoja mkubwa wa MiB 2.

Mgeni, yaani mashine pepe, wa aina ya HVM hutegemea vifaa vya prosesa vya kutenga memori, na hitilafu hizi hazimgusi. Mgeni wa PV ni habari nyingine. Anajua kwamba yuko ugenini. Majedwali yake anayatengeneza mwenyewe, kwa anwani halisi za mashine, na prosesa huyatumia hayohayo moja kwa moja. Kinachomzuia kuelekeza kiingizo kwenye memori ya jirani ni kwamba hana ruhusa ya kuyaandika. Majedwali yake anayaona kwa kusoma tu. Akitaka kubadilisha kitu humwomba Xen kwa haipakoli iitwayo `mmu_update`; Xen hulikagua ombi, na likiwa halali huandika kwa niaba yake.

Mfano wa karibu ni ofisi ya ardhi. Mgeni huchora ramani ya viwanja vyake na kuipeleka ofisini. Afisa huangalia kama kiwanja ni chake, kama hakijapewa mtu mwingine, na kama matumizi yake hayagongani na matumizi mengine, ndipo anagonga muhuri. Xen inaweka daftari kwa kila ukurasa wa memori lenye hesabu mbili: ni wangapi wanaoushika ukurasa, na ni wangapi wanaoutumia kwa aina fulani. Aina zenyewe ni kama `PGT_l1_page_table` hadi `PGT_l4_page_table`, na `PGT_writable_page`. Ukurasa huwa na aina moja tu kwa wakati mmoja, na hauhami aina mpaka hesabu ya aina ya kwanza ishuke hadi sifuri.

Sheria nzima inayolindwa ni hii, na ningeshauri uiandike kwenye karatasi uibandike mbele yako: ukurasa hauwezi kuwa jedwali la kurasa na wakati huohuo ukawa unaandikika na mgeni. Sheria hii ikivunjika, ni kiwanja kimoja chenye hati mbili, na mwenye hati ya pili haonekani kwenye daftari.

Shida ni kwamba ukaguzi kamili una gharama. Kuna mabadiliko mengi madogo, kwa mfano keneli ya mgeni kuzima biti ya ACCESSED ili ione ukurasa upi haujatumiwa siku nyingi. Kupeleka kila badiliko la namna hiyo kwa afisa mkuu ni upotevu. Kwa hiyo ndani ya fankisheni za `mod_l1_entry` hadi `mod_l4_entry` kuna njia ya mkato: kama kiingizo kipya kinatofautiana na cha zamani kwa mambo yasiyo na madhara tu, kiandike papo hapo bila kukagua upya. Hitilafu zetu zote mbili zimezaliwa kwenye njia hii ya mkato.

## Hatua ya 1: Maabara

Habari njema kwa mwenye kompyuta ya kawaida: mgeni wa PV hahitaji msaada wa VT-x wala AMD-V, yaani vifaa vya prosesa vya kuendeshea mashine pepe. Unaweza kuendesha Xen ndani ya QEMU, na wageni wa PV ndani ya Xen hiyo, bila seva ya pekee. Usifanye kazi hii juu ya mashine yenye data ya mtu.

Toleo la kufanyia kazi ni 4.7.0, la Juni 2016. Limeshapata kiraka cha XSA-148 lakini halijapata cha XSA-182. GCC za siku hizi zinaukataa msimbo wa zamani kwa maonyo yanayogeuzwa makosa, kwa hiyo weka Debian 8, yenye GCC 4.9, ndani ya mashine ya QEMU, na ujengee humo humo.

```
git clone https://xenbits.xen.org/git-http/xen.git
cd xen
git checkout -b xsa182 RELEASE-4.7.0
./configure
make -j4 dist debug=y
make install
```

Mambo mawili hapa huwapotezea watu muda. La kwanza, zana kama `xl` na haipavaiza yenyewe lazima zitoke kwenye mti mmoja wa msimbo. Ukichanganya matoleo zitakataa kuzungumza, na utadhani umekosea mahali pengine kabisa. La pili, `debug=y` si pambo. Ujumbe ambao Xen inautoa inapokataa kiingizo unatumia makro ya `MEM_LOG`, ambayo katika ujenzi wa kawaida haitoi kitu. Bila hiyo utaona namba ya kosa tu, hutaona sababu.

Kisha ndani ya `/etc/default/grub` weka mstari huu, uendeshe `update-grub`, uwashe upya:

```
GRUB_CMDLINE_XEN="loglvl=all guest_loglvl=all console=com1 com1=115200,8n1 sync_console"
```

Washa QEMU kwa `-serial stdio` ili konsoli ya Xen ije kwenye dirisha lako. Haipavaiza ikianguka, logi ya ndani inaanguka nayo. Yale maneno ya mwisho kwenye konsoli ndiyo utakayobaki nayo.

## Hatua ya 2: Ione hitilafu kwa macho yako

Mradi wa Xen una mkusanyiko wa majaribio uitwao XTF. Kila jaribio ni keneli ndogo sana inayowashwa kama mgeni, inafanya jambo moja, inatoa jibu, inazimika. Jaribio la XSA-182 limo.

```
git clone https://xenbits.xen.org/git-http/xtf.git
cd xtf
make -j4
./xtf-runner test-pv64-xsa-182
```

Ikiwa GCC ya zamani itagoma, jenga XTF kwenye kompyuta yako kuu kisha uinakili ndani ya maabara. Juu ya 4.7.0 jibu linalotarajiwa ni `FAILURE`.

Usiishie kwenye neno hilo moja. Fungua faili la jaribio ulisome, kwa sababu ni fupi na linaeleza hitilafu kuliko maelezo mengi. Mantiki yake ni maombi mawili kwa `mmu_update`:

```
L4[n] = anwani ya L4 yenyewe | PRESENT | USER          tarajia 0
L4[n] = anwani ya L4 yenyewe | PRESENT | USER | RW     tarajia -EINVAL
```

Ombi la kwanza linashangaza ukiliona mara ya kwanza: jedwali la L4 linajielekeza lenyewe. Ni mbinu halali ya zamani. Keneli inapata kuyaona majedwali yake yote mfululizo mahali pamoja. NetBSD wanaitumia, Linux hawaitumii. Xen inaikubali kwa sharti kwamba kiingizo kiwe cha kusoma tu, na sharti hilo linakaguliwa kwenye fankisheni ya `get_l4_linear_pagetable`, inayokataa kwa ujumbe wa “Attempt to create linear p.t. with write perms”.

Ombi la pili linaongeza RW peke yake. Anwani ni ileile, PRESENT ni ileile. Njia ya mkato inasema hakuna kilichobadilika, na mlinzi wa `get_l4_linear_pagetable` haitwi kamwe.

Ukiandika jaribio lako mwenyewe, angalia jambo hili: ombi la kwanza likikataliwa, jaribio lisiseme limefaulu. Liseme limeshindwa kuanza. Nimewahi kukaa siku nzima na jaribio la kijani kibichi ambalo halikuwa limefika hata mlangoni, kwa kuwa kiingizo cha kwanza hakikuwekwa na cha pili kikakataliwa kwa sababu tofauti kabisa. Jaribio la usalama lina thamani pale tu unapokuwa umeliona likianguka kwenye msimbo mbovu, kwa sababu unayoijua.

## Hatua ya 3: Soma mstari wenye kosa polepole

Makro inayolinganisha iko kwenye `page.h` ya x86. Kwa lugha ya kawaida inafanya hivi: inachukua kiingizo cha zamani na kipya, inavipiga XOR ili zibaki biti zinazotofautiana, kisha inachuja kwa AND ili zibaki tu biti za anwani pamoja na zile ulizozitaja kwenye hoja ya tatu. Kikibaki chochote, imebadilika.

Hoja ile ya tatu, basi, ni orodha ya biti ambazo macho yetu yanaziona. Kila kisichotajwa humo kinapita gizani. Tazama namna kila ngazi ilivyoiandika katika 4.7.0:

```
L1:  PAGE_CACHE_ATTRS | _PAGE_RW | _PAGE_PRESENT
L2:  unlikely(opt_allow_superpage)
         ? _PAGE_PSE | _PAGE_RW | _PAGE_PRESENT
         : _PAGE_PRESENT
L3:  _PAGE_PRESENT
L4:  _PAGE_PRESENT
```

Fankisheni nne zinazofanya kazi moja, na orodha tatu tofauti. Unapokutana na sura hii katika msimbo wowote wa usalama, simama. Ama kuna sababu nzito ya tofauti hiyo, nayo ingestahili kuandikwa pale, ama hakuna aliyewahi kuzitazama zote nne kwa pamoja.

Juu kidogo ya mstari huo kuna kinga nyingine, `L4_DISALLOW_MASK` na ndugu zake wa ngazi za chini. Wengi huzichanganya. Kinga hii inauliza kama biti fulani inaruhusiwa kuwapo *hata kidogo*. Njia ya mkato inauliza kama biti *ikibadilika* inadai ukaguzi mpya. RW haiwezi kuwekwa kwenye DISALLOW, kwa kuwa viingizo vingi halali vina RW. Kwa biti kama hiyo, njia ya mkato ndiyo mlango pekee uliobaki.

## Hatua ya 4: Jifunze kwa kiraka kilichotangulia

Mstari wa L2 hapo juu una sura ya ajabu kwa sababu ndio kovu la XSA-148.

Mwaka 2009, katika Xen 3.4, wageni wa PV waliongezewa uwezo wa kutumia kurasa za MiB 2, uwezo uliokuwa umezimwa mpaka msimamizi awashe `allowsuperpage`. Aliyeongeza aliitoa PSE kwenye `L2_DISALLOW_MASK` moja kwa moja, kwa kila mtu, chaguo liwe limewashwa au la. Njia ya mkato haikuguswa. Milango yote miwili ikabaki wazi kwa pamoja: PSE haikukatazwa tena, na badiliko lake halikuonekana. Mgeni alichukua kiingizo halali cha L2 kinachoelekea jedwali la L1, akawasha biti ya saba tu, na prosesa ikaanza kukisoma kama dirisha la MiB 2 la memori ghafi, pamoja na majedwali yaliyomo ndani yake. Hali hiyo ilidumu miaka sita.

Kiraka cha Oktoba 2015 kilifanya mambo mawili sahihi: kiliirudisha PSE kwenye DISALLOW pale chaguo linapokuwa limezimwa, na kikaongeza PSE na RW kwenye orodha ya L2 pale linapokuwa limewashwa. Tundu lililoripotiwa likazibika. Lakini swali lililojibiwa lilikuwa “ni biti gani ya hatari tuliyoisahau hapa?” Ukiuliza hivyo utajibu kwa kutaja biti, kwenye ngazi moja. L3 na L4 hazikuwa kwenye ripoti, kwa hiyo zikabaki na PRESENT peke yake.

Siwalaumu walioandika. Kiraka cha dharura kilicho chini ya usiri hukusudiwa kiwe kidogo, na udogo wenyewe ni fadhila. Ila ripoti ya usalama inapotua mezani kwako, jipe kazi ya pili hata baada ya ile ya kwanza kuisha: tafuta ndugu wa mstari ule.

```
grep -n "_has_changed" xen/arch/x86/mm.c
```

Amri hiyo moja, ikiendeshwa siku ya XSA-148 na matokeo yake yakasomwa kwa utulivu, inaiweka XSA-182 mbele ya macho.

## Hatua ya 5: Andika kiraka

Kiraka cha Xen, kilichoandikwa na Andrew Cooper, kiligeuza swali. Hakikutaja tena biti za hatari. Kilitaja biti ambazo mgeni anaweza kuzibadilisha bila ukaguzi, na kila kitu kingine, pamoja na kisichojulikana leo, kikaenda kwenye ukaguzi kamili. Juu ya fankisheni hizo weka:

```
#define FASTPATH_FLAG_WHITELIST                                     \
    (_PAGE_NX_BIT | _PAGE_AVAIL_HIGH | _PAGE_AVAIL | _PAGE_GLOBAL | \
     _PAGE_DIRTY | _PAGE_ACCESSED | _PAGE_USER)
```

Halafu ndani ya fankisheni zote nne, badilisha hoja ya tatu iwe moja:

```
if ( !l1e_has_changed(ol1e, nl1e, ~FASTPATH_FLAG_WHITELIST) )
if ( !l2e_has_changed(ol2e, nl2e, ~FASTPATH_FLAG_WHITELIST) )
if ( !l3e_has_changed(ol3e, nl3e, ~FASTPATH_FLAG_WHITELIST) )
if ( !l4e_has_changed(ol4e, nl4e, ~FASTPATH_FLAG_WHITELIST) )
```

Kumbuka alama ya `~`. Ukiisahau utakuwa umegeuza kila kitu kichwa chini: biti salama zitakaguliwa na za hatari zitapita. Kompaila haitakuonya.

Sasa pitia orodha biti kwa biti, na kwa kila moja useme kwa maneno kwa nini imo. Usikubali biti ambayo huwezi kuitetea kwa sentensi moja.

ACCESSED na DIRTY ni kumbukumbu ya matumizi. Xen haitegemei thamani zake kulinda kitu chochote kwa wageni hawa, na ndizo hasa zilizofanya njia ya mkato ibuniwe. AVAIL na AVAIL_HIGH ni biti ambazo prosesa haizisomi, zimeachwa kwa matumizi ya programu. GLOBAL inahusu tafsiri kubaki ndani ya TLB (kache ya prosesa ya tafsiri za anwani) wakati wa kubadilisha mchakato. Anayeumia ikikosewa ni mgeni mwenyewe. NX huamua kama mgeni anaweza kutekeleza kilichomo kwenye ukurasa wake, na akijipa ruhusa hiyo hajapata memori mpya. USER inahitaji maelezo zaidi kidogo: keneli ya mgeni wa PV wa biti 64 haikai kwenye ngazi ya mamlaka ya juu, iko ngazi ya 3 pamoja na programu zake, kwa hiyo Xen huirekebisha biti hii yenyewe kwa `adjust_guest_l4e` na ndugu zake kabla ya kuandika. Ombi la mgeni halina neno la mwisho hapo.

Zilizobaki nje ni RW, PSE, PRESENT na anwani, ambazo sababu zake tumeshaziona, pamoja na PWT, PCD na PAT. Hizi tatu za kache zinaonekana hazina ubaya, na mtu mwenye haraka angeziruhusu. Usiziruhusu. Ukurasa mmoja ukionekana kwa njia mbili zenye tabia tofauti za kache, kile Xen inachokisoma wakati wa ukaguzi kinaweza kutofautiana na kilichomo kwenye memori. Mwaka 2022 mradi ulilazimika kutoa XSA-402 kuhusu uzembe wa namna hiyohiyo kwa wageni wa PV. Kwenye L1 zilikuwa tayari zinakaguliwa. Kiraka hiki kinapeleka uangalifu uleule ngazi za juu.

Maelezo ya komiti yaandike ukimfikiria mtu atakayeyasoma miaka kumi ijayo saa nane za usiku. Kiini chake ni kwamba kila badiliko la uwezo wa kuandika au la kache lazima lipite kwenye ukaguzi kamili. Andika na kwa nini umechagua orodha ya vinavyoruhusiwa, ili asije mtu akairahisisha.

## Hatua ya 6: Milango mingine

Kiingizo hubadilishwa kwa njia zaidi ya moja. `mmu_update` hufika ngazi zote nne. `update_va_mapping` hugusa L1 tu. Kuna pia uigaji wa maandishi: mgeni akijaribu kuandika moja kwa moja kwenye jedwali lake la L1, prosesa hutoa kosa, Xen hulidaka na kuliandika kwa niaba yake baada ya kukagua, kupitia `ptwr_emulated_update`. Na ramani za memori zinazoazimwa kati ya wageni zina msimbo wake. Fuata kila mmoja mpaka uone unakoishia, na uhakikishe hakuna wenye orodha yake ya siri ya biti.

Hapa kuna jambo ambalo ningependa ulichimbe zaidi ya mwongozo huu: TLB. Hesabu kwenye daftari inaweza kuwa sahihi huku prosesa bado inakumbuka tafsiri ya zamani yenye RW. Kwa hiyo ukurasa unapotoka kuwa wa kuandikika na kuwa jedwali, lazima TLB zisafishwe, na zisafishwe kwa wakati wake. XSA-401 ya 2022 ilitokana na hilo: usafishaji ulifanyika mapema mno, kabla uandikaji haujapigwa marufuku, na mgeni aliweza kuirudisha ramani ndani ya upenyo huo. Kwenye kiraka chetu mpangilio huo haubadiliki, kwa sababu tunapeleka maombi zaidi kwenye njia kamili iliyopo. Ukiona kiraka chako kinaongeza njia mpya, mpangilio wa usafishaji ndio jambo la kwanza la kumwonyesha mwenzako.

## Hatua ya 7: Thibitisha

Safari hii jenga haipavaiza tu, zana hazijaguswa.

```
make -j4 dist-xen debug=y
make install-xen
reboot
./xtf-runner test-pv64-xsa-182
xl dmesg | tail
```

Unataka kuona vitu viwili. Jaribio liseme `SUCCESS`, na `xl dmesg` iwe na ule ujumbe wa “linear p.t. with write perms”. Huo wa pili ndio ushahidi kwamba ombi lilifika kwa mlinzi tuliyemkusudia, halikukwama kwingine.

Endesha na majaribio mengine yote ya PV yaliyomo XTF, kisha mgeni halisi: Linux ya PV ikijenga keneli yake yenyewe, na NetBSD, kwa kuwa ndiyo inayotumia majedwali yanayojielekeza na ndiyo itakayolalamika kama umekaza kupita kiasi.

Kuhusu kasi, wasiwasi ni mdogo. Mabadiliko mengi ya RW hutokea kwenye L1, wakati mchakato unapojigawa au programu inapobadilisha ulinzi wa memori yake, na L1 ilikuwa tayari inakagua RW. Ngazi za juu hubadilishwa kwa nadra. Pima hata hivyo, kwa muda wa kujenga keneli kabla na baada.

## Hatua ya 8: Kuipeleka kwenye seva zinazofanya kazi

Kama umeigundua hitilafu mpya wewe mwenyewe, iandikie kwanza timu ya usalama ya mradi kwa siri, ukiambatanisha jaribio na kiraka. Usiisukume kwenye hazina ya wazi hata kwa jina lisiloeleweka. Wanaosoma komiti kutafuta matundu ni wengi.

Xen 4.7 ilikuja na uwezo wa kubandika kiraka bila kuzima seva, kwa zana ya `xen-livepatch`, wakati huo ukiwa bado wa majaribio. Kwa hitilafu ya namna hii unavutia sana, ila fikiria kinachobaki nyuma. Kiraka kinabadilisha msimbo. Hakirudi nyuma kukagua viingizo vilivyokwisha kuandikwa. Mgeni aliyejipatia RW jana anaendelea kuwa nayo leo, na hahitaji tena kuomba kitu. Kwa seva yenye wateja usiowajua, bandika kiraka ili kufunga mlango usiku huohuo, halafu panga kuwahamisha wageni na kuiwasha seva upya ndani ya siku chache. Ikiwa una sababu ya kudhani tundu limeshatumiwa, kuwasha upya hakutoshi. Ichukulie dom0 kuwa imetekwa na uijenge upya.

Mwisho, tazama kama wageni wako wanauhitaji mlango huu kabisa. Tangu XSA-240 ya 2017 kuna chaguo la kuwasha la `pv-linear-pt`. Kama seva yako ina Linux tu, weka `pv-linear-pt=false` kwenye mstari wa Xen, uwashe upya, uendeshe XTF tena. Safari hii ombi la kwanza lenyewe, lile la kusoma tu, litakataliwa.